Santuri Inayochakacha: Kuisafisha na Kuiondolea Umeme Tuli Nyumbani Unguja

Santuri ikichakacha, wengi husema "ina umeme". Mara nyingi haina. Unguja hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na umeme tuli na unyevu havikai pamoja: utando mwembamba wa maji unaotanda juu ya kila kitu huuchukua umeme ule kabla haujajikusanya. Kinachochakacha kwa kawaida ni kuvu, vumbi la chokaa kutoka kwenye kuta za Mji Mkongwe, moshi wa udi, na mafuta ya vidole vya watu waliokuwa wakibadilisha santuri huku wanakula visheti. Umeme tuli upo, na una dawa yake, lakini ukianza nao utanunua brashi ya gharama na kelele itabaki pale pale.

Basi tuanze na sikio. Maji baadaye.

Sikiliza kelele yenyewe

Washa mashine, weka santuri, kaa karibu na spika. Santuri ya mwendo wa 33⅓, yaani mizunguko 33⅓ kwa dakika, humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Ya 45 huchukua sekunde 1.3 hivi, na ya 78 haifiki hata sekunde moja. Ukisikia "tak" inayorudi kwa mpigo huo huo, hiyo ni mkwaruzo au uchafu ulioganda pahala pamoja. Uchafu utatoka kwa kuoshwa. Mkwaruzo hautoki, na anayekuambia ana dawa ya kuuziba anataka pesa yako.

Umeme tuli hauna mpangilio huo. Hupiga "pap" kali ghafla, kisha kimya, kisha "pap" mbili pamoja. Ukirudia wimbo ule ule, zile "pap" zimehamia kwengine. Dalili nyengine utaziona kwa macho: bahasha ya ndani inaing'ang'ania santuri unapoitoa, malaika ya mkono yanasimama ukiisogeza karibu, na vumbi ulilolifuta sasa hivi linarudi lenyewe.

Kuvu ina sauti ya kuendelea, chwaaa, kama mafuta ya mandazi jikoni. Izime taa ya juu, washa tochi ya simu na uimulike santuri kwa pembeni, mwanga ukilala juu yake. Utaona madoa ya kijivu au meupe yenye vinyuzi, mara nyingi yakifuata umbo la mkunjo wa bahasha.

Kuna na kelele mbili ambazo hazitoki kwenye santuri hata kidogo. Mngurumo wa "nguuu" usiobadilika, unaosikika hata kabla sindano haijashuka, kwa kawaida ni waya wa ardhi wa mashine ambao haukufungwa kwenye amplifaya. Tafuta waya mwembamba wenye kijiti cha uma mwishoni, ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya amplifaya. Na "pap" moja nzito inayokuja kila baada ya muda ni friji ya jikoni inayowaka na kuzima. Hamishia mashine kwenye soketi nyengine kabla hujailaumu santuri.

Jua umeshika nini

Hapa ndipo santuri nyingi za zamani zinapouawa, kwa hiyo tusipite haraka.

Santuri za mwanzo, zile za mwendo wa 78, zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu unaotokana na wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, nyimbo zake zilitoka kwenye santuri za namna hiyo. Vinili, ambayo ni aina ya plastiki, ilikuja na santuri ndefu za 33⅓ mwaka 1948 kule Marekani, ikafuatiwa na zile ndogo za 45 mwaka 1949. Lakini Afrika Mashariki zile za 78 hazikuondoka siku hiyo. Ziliendelea kuuzwa hadi miaka ya 1960, kwa hiyo ndani ya sanduku moja la babu unaweza kukuta aina zote mbili.

Kuzitofautisha ni rahisi. Santuri ya shelaki ni nzito, ngumu, na ukiigonga ukingo kwa kifundo cha kidole inalia "kling" kama chombo cha udongo. Haipindi. Ukiilazimisha inavunjika. Ya vinili ni nyepesi zaidi, inapinda kidogo, na sauti yake ukiigonga ni butu. Lebo nayo husema mwendo. Kama bado una shaka, ichukulie kuwa ni shelaki, kwa sababu kinachofaa shelaki hakiidhuru vinili, ila kinyume chake si kweli: alkoholi ambayo vinili huistahamili huyeyusha shelaki. Utafuta mara moja tu, na kitambaa kitatoka cheusi. Ule weusi ni wimbo.

Aina ya tatu ni adimu lakini ipo, hasa kwenye vitu vilivyotoka redioni au kwa watu waliorekodi wenyewe: santuri iliyokatwa moja moja, yenye bati la alumini katikati na rangi nyeusi juu yake. Angalia kwenye tundu la katikati na kwenye ukingo. Ukiona chuma kinachungulia, usiitie maji, usiisugue, usiipige hata sindano. Mara nyingi hakuna nakala nyengine duniani. Iweke wima pahala penye baridi kisha uzungumze na watu wa Nyaraka za Taifa, Kilimani, juu ya kuihifadhi na kuinakili.

Maji gani?

Si ya bomba. Maji ya Unguja hutoka chini, kwenye mwamba wa matumbawe na chokaa, na ushahidi unao jikoni: tazama ule ukoko mweupe ndani ya birika lako la umeme. Ukiosha santuri kwa maji hayo, ukoko ule ule utakauka ndani ya mifereji ya sauti, na sindano itaukanyaga kila siku. Kuyachemsha hakusaidii vya kutosha. Maji ya kunywa ya chupa nayo hayafai, kwa sababu yana madini, na mengine yameongezwa makusudi ili yawe na ladha. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi kweli hayana chokaa, lakini yamepita juu ya mabomba yenye vumbi na kuvu, na kuvu ndiyo tunayoikimbia. Ya mvua yamepita juu ya mabati na vinyesi vya kunguru.

Unayoyataka ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji. Kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri vya magari utayakuta kwa jina la maji ya betri. Hapa kuwa na macho mawili: duka hilo hilo huuza na asidi ya betri, na chupa zinafanana. Sema wazi kwamba unataka maji ya kuongezea, soma lebo, na kama haina lebo usiinunue hata ukiapiwa. Baadhi ya maduka ya dawa nayo huuza maji ya namna hii.

Ukikosa kabisa, yatengeneze. Chukua sufuria kubwa, tia maji ya bomba nusu, weka bakuli zito katikati lisielee, funika kwa mfuniko uliopinduliwa juu chini na uweke barafu juu ya mfuniko. Chemsha kwa moto mdogo. Mvuke hupanda, hugusa mfuniko baridi, huteremka hadi kwenye kishikio cha mfuniko na kudondoka ndani ya bakuli. Inachukua muda na gesi, lakini nusu lita inatosha kuoshea santuri kadhaa.

Vitu vya kuwa navyo

Vitambaa vya maikrofaiba vitatu au vinne, vile vya kufutia magari vinavyouzwa Darajani, vilivyofuliwa kwanza bila ya dawa ya kulainisha nguo. Brashi pana yenye nywele laini, mpya, ya kupakia rangi. Chupa mbili za kupulizia. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi wala manukato mengi kama utaipata. Taulo la kutandika juu ya meza. Kichanja cha kusimamishia sahani za jikoni. Na vifuniko viwili vya plastiki vyenye upana wa sentimita 10 hivi, vya kukinga lebo, maana lebo ya santuri ndefu ina upana huo.

Kanga iache. Mpya ina wanga na rangi inayochuja, kuukuu inamwaga nyuzi. Fulana ya zamani ni hivyo hivyo.

Kuosha santuri ya vinili

Chagua siku ya kipupwe, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapokausha hewa. Wakati wa masika utaosha vizuri, lakini santuri itachukua usiku kucha kukauka, na inayolala mbichi ndiyo inayoota kuvu. Zima feni unapofanya kazi. Feni ya juu iliyojaa vumbi hukumwagia kila unachokiondoa. Na usichome udi chumba hicho siku hiyo.

1. Osha mikono kwa sabuni, ikaushe. Shika santuri kwa ukingo na kwa lebo tu.

2. Ifute kavu kwanza kwa brashi, ukifuata mzunguko wa mifereji. Usikatishe kutoka katikati kuja nje. Ukitia maji juu ya vumbi kavu unatengeneza tope, na tope huingia chini zaidi.

3. Katika chupa ya kwanza tia nusu lita ya maji yaliyokenekwa na matone mawili ya sabuni. Mawili. Sabuni inasaidia maji yaingie ndani ya mfereji mwembamba badala ya kukaa juu kama tone, na kwa kazi hiyo matone mawili yanatosha. Chupa ya pili ina maji matupu.

4. Laza santuri juu ya taulo, funika lebo kwa kifuniko cha plastiki na ukishike kwa mkono mmoja. Pulizia maji ya sabuni juu ya santuri kuelekea ukingoni, mbali na lebo. Lebo ikirowa hukunjamana, na zile za zamani hubanduka kabisa.

5. Acha dakika moja. Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wenye haraka, nayo ndiyo inayofanya kazi. Moshi wa udi na mafuta ya vidole hayatoki kwa nguvu, yanatoka kwa kuloweka.

6. Zungusha brashi taratibu, mara kumi upande mmoja, kisha mara kumi kinyume. Brashi iguse tu, usiikandamize. Ikikauka, pulizia tena.

7. Futa maji machafu kwa kitambaa cha kwanza, kwa kukigusisha na kukiinua, ukigeuza upande safi kila mara.

8. Pulizia maji matupu, zungusha kitambaa cha pili kilichorowa, futa. Rudia. Usiridhike na suuza moja: sabuni iliyobaki hukauka, na sindano huikusanya mpaka ikawa kidonge chini ya ncha. Watu wengi wanaosema kuosha kumeharibu santuri zao walisuuza mara moja tu.

9. Geuza upande wa pili, na taulo liwe safi chini yake.

10. Isimamishe kwenye kichanja, kivulini, pahala penye hewa. Usiipeleke juani hata kwa dakika tano "ikauke haraka". Jua la saa saba hapa kwetu huipinda vinili ikawa sinia, na haitarudi. Gari lililofungwa madirisha ni baya zaidi.

Isirudi kwenye bahasha ile ile iliyokuwemo. Ungekuwa umeoga ukavaa nguo ya jana.

Santuri za 78

Ni maji yale yale, tone moja la sabuni badala ya mawili, wala hakuna alkoholi ya aina yoyote: si spiriti ya dawani, si ya fundi simu, si manukato. Kasi ndiyo muhimu. Ule unga wa mawe uliomo ndani hunywa maji kupitia nyufa, na kuna santuri zilizotengenezwa kwa tabaka la karatasi katikati, ambazo zikirowa huvimba. Kwa hiyo usipulizie. Rowesha kitambaa, kikamue, zungusha, suuza kwa kitambaa cha pili kilichokamuliwa, kausha papo hapo. Upande mmoja usizidi dakika mbili.

Weka mto au taulo nene chini. Shelaki ikianguka kutoka kimo cha meza ndogo imekwisha.

Usitarajie ukimya. Chakachaka nyingi ya santuri hizi imo kwenye udongo wake: ule unga wa mawe ulitiwa makusudi, ili uitafune sindano ya chuma ilingane na mfereji, na mwenye gramafoni alitakiwa abadilishe sindano kila upande mmoja. Watu hawakubadilisha. Sindano zilikuwa pesa. Matokeo yake mifereji imelika, hasa pahala ambapo sauti inapanda juu. Kuosha kutaondoa uchafu, na mara nyengine utasikia ala za udi na fidla zilizokuwa zimefichwa kabisa, lakini kilicholika kimelika.

Umeme tuli, kwa upande mwengine, karibu hausumbui shelaki. Huo ni ugonjwa wa vinili.

Iliyoota kuvu

Usianze ndani. Toka nje uani au juu ya sakafu ya paa, simama upepo ukikupiga mgongoni, vaa barakoa, na weka mbali watoto na yeyote mwenye pumu. Kuvu kavu ni vumbi la mbegu, na ukiipiga brashi chumbani unazipanda kwenye santuri nyengine zote.

Ipige brashi kavu huko nje, brashi ambayo hutaitumia tena kwa kazi nyengine. Kisha, kwa vinili peke yake, changanya sehemu moja ya alkoholi ya isopropili na sehemu nne za maji yaliyokenekwa. Isopropili safi wanayo mafundi wa simu, wanaitumia kuoshea bodi. Mwambie fundi akuoneshe chupa yenyewe, kwa sababu wengine hutumia thina kwa kazi hiyo hiyo, na thina huila vinili. Ile spiriti ya rangi ya zambarau nayo iache, ina vitu vilivyotiwa ndani yake vinavyobaki baada ya kukauka. Osha kama hatua za juu, ukiweka mchanganyiko huu badala ya maji ya sabuni, kisha osha tena kwa maji ya sabuni, kisha suuza. Moto na alkoholi visikutane: sigara, chetezo na jiko viwe mbali.

Kama kuvu imekaa miaka, huenda imekula uso wa vinili na kuacha kivuli ambacho hakifutiki. Santuri itapiga, ila ile chwaaa haitakwisha yote.

Kwa shelaki yenye kuvu, ni brashi kavu na kitambaa kilichorowa, basi.

Bahasha ya ndani yenye kuvu itupe. Jalada la nje lifute kwa kitambaa kikavu, liache kwenye upepo kivulini siku nzima, na kama lina picha unayoipenda usilianike juani. Tenga santuri ulizozitibu wiki mbili tatu kabla ya kuzirudisha na wenzao. Kuvu ikirudi itarudi ndani ya muda huo.

Sasa umeme tuli

Vinili ni plastiki inayopenda sana kunyang'anya umeme kutoka kwa vitu inavyosuguana navyo, na kwa kuwa haipitishi umeme, kile ilichokinyakua hukaa pale pale juu yake. Kila unapoitoa kwenye bahasha ya karatasi umeisugua. Kila unapoiinua kutoka kwenye kizulia cha felti cha mashine umeisugua. Umeme huo huvuta vumbi, na vumbi linakuwa kelele. Zile "pap" zenyewe ni cheche ndogo zinazoruka.

Unyevu ukizidi nusu, yaani asilimia 50 hadi 60, jambo hili hupungua sana. Ndiyo maana aliyeweka mashine yake barazani hajui habari ya umeme tuli, na jirani yake mwenye kiyoyozi analalamika. Kiyoyozi hukausha hewa ya chumba. Kama "pap" zinakusumbua, jaribu dawa isiyo na gharama: zima kiyoyozi, fungua dirisha robo saa, piga santuri tena. Ikitulia, umeshapata jibu na hukununua kitu.

Lakini huwezi kufungua dirisha kila siku, na hewa kavu hiyo hiyo ndiyo inayozuia kuvu. Ukiwa na kipima unyevu kidogo, kiweke karibu na rafu na ulenge asilimia 45 hadi 55. Hapo kuvu haipati nafasi na umeme tuli hauna nguvu. Yanayobaki ni haya.

Santuri iliyooshwa vizuri kwa maji ina umeme kidogo kuliko iliyofutwa kavu, kwa hiyo nusu ya kazi umeshaifanya. Usiiharibu mwishoni kwa kuisugua kwa kitambaa kikavu ili ing'ae.

Badilisha bahasha za karatasi kwa zile zenye plastiki laini ya polietilini upande wa ndani. Hazipatikani kila duka, itakubidi uagize, lakini kati ya vitu vyote vya kununua hiki ndicho ninachokiweka mbele. Zinapunguza umeme, na hazikwaruzi. Jihadhari na majalada ya nje ya plastiki nene inayonuka kama pazia jipya la bafuni: hiyo ni PVC, na katika joto la kwetu hugandana na santuri na kuiachia ukungu mweupe usiotoka.

Ondoa kizulia cha felti kwenye mashine, weka cha koki au ngozi. Felti hung'ang'ania santuri na kupanda nayo juu.

Brashi ya nyuzi za kaboni hufanya kazi mbili, kuondoa vumbi jepesi na kuuteremsha umeme, lakini ya pili hufanya tu ukiishika pahala pa chuma, ili umeme upite mwilini mwako. Na wewe mwenyewe usiwe umezibwa: vua kandambili, simama miguu mitupu juu ya saruji au marumaru, siyo juu ya zulia la nailoni. Weka brashi juu ya santuri inayozunguka, mizunguko miwili mitatu, kisha iondoe ukiivuta polepole kuelekea nje. Ukiizungusha dakika nzima unaichaji upya.

Ipo na bastola ya kuondolea umeme, maarufu zaidi ikiwa Zerostat ya Milty. Unaielekeza kwenye santuri, unabonyeza taratibu, unaachia taratibu. Ukisikia "tik" umeharakisha. Inafanya kazi kweli, ila kwa bei yake, hapa Unguja, ningenunua bahasha kwanza.

Visivyofaa: mafuta ya nazi ya kung'arishia, dawa ya kulainisha nguo, WD-40, na dawa za kupuliza za kung'arisha dashibodi ya gari. Vyote huacha utando, na utando hukamata vumbi kwa nguvu zaidi kuliko umeme.

Sindano

Isafishe kabla ya kila santuri mbili tatu kwa brashi ndogo kavu, ukiipitisha kutoka nyuma kuja mbele, njia ile ile inayoipitia santuri. Kamwe usiipeleke pembeni wala kinyume, kijiti chake ni chembamba na kinakatika. Usiipulize kwa mdomo, mate yana unyevu. Watengenezaji wengi hutaja saa 500 hadi 1,000 kuwa umri wa sindano ya almasi. Kama umenunua mashine ya mtumba, chukulia kwamba umri huo umepita.

Santuri ya 78 inataka sindano yake, yenye ncha pana mara tatu ya ile ya santuri ndefu. Ukiipigia sindano ya santuri ndefu, itazama hadi chini ya mfereji, kwenye taka zote, na utadhani hukuosha. Na usiipeleke santuri ya vinili kwenye gramafoni ya kutia ufunguo, hata mgeni akikuomba aione "inavyopiga zamani". Kichwa cha gramafoni kina uzito unaopita gramu 100. Mashine ya leo huikanyaga santuri kwa gramu mbili hivi.

Kuziweka

Wima, zimejaa kiasi cha kusimamana bila ya kubanana. Zikilazwa moja juu ya nyengine, za chini hupinda, na za shelaki hupasuka.

Rafu iwe juu ya sakafu, na isigusane na ukuta wa nje. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa polepole miezi inayofuata, na nyuma ya kabati lililogusana na ukuta hakuna hewa inayopita. Acha nafasi ya kiganja. Kwa walio karibu na bahari, Mizingani au Shangani, dirisha linaloelekea majini lisiangaliane na rafu: chumvi ikitua juu ya jalada huvuta unyevu hata siku kavu.

Chetezo kiwe chumba chengine. Vile vipakiti vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu hushiba baada ya muda mfupi na kubaki pambo, isipokuwa uvikaushe tena.

Mara mbili kwa mwaka, mara tu masika inapokwisha na tena baada ya vuli, toa kila santuri, imulike kwa tochi, irudishe. Ukikuta doa moja la kuvu, lifute siku hiyo hiyo, na zikague kwanza zile mbili zilizokuwa ubavuni mwake.